Nesi Anajibu: Mkono wenye laini ya kemo, usogezwe au utulizwe?

Wasomaji wangu wa Mombasa na kwengineko, tangu niandike hapa kuhusu wagonjwa wanaowekewa laini ya kutilia dawa nimepata maswali mengi, na karibu yote yanazunguka jambo moja: damu kuganda, na kama mazoezi yanasaidia. Leo najibu manne. La kwanza n'talijibu kwa urefu kwa sababu najua nyumba nyingi ziko na mgonjwa wa aina hii na hakuna aliyewaeleza vizuri.

SWALI: Nesi shikamoo. Mamangu ana miaka 58, ana kansa ya utumbo mkubwa, na wiki mbili zilizopita aliwekewa laini kwa mkono wa kulia, ile ndefu manesi wanaita PICC, ili atiliwe kemo, dawa za kansa. Tangu siku hiyo mkono ameufunga kwa leso shingoni kama aliyevunjika, hali nao hata kikombe hashiki, na sasa vidole vimekakamaa. Shangazi ndo alomwambia asiusogeze ati mrija utateleza uingie moyoni. Lakini nesi wa hospitali alimpa kimpira akamwambia awe anakibana, kiko kabatini hakijaguswa. Nimfuate nani? Binti wa Kisauni

Marhaba mwanangu, na pole kwa kuuguza, Mungu ampe mama shifaa. Nesi aliyempa mpira yuko sawa, na hiyo leso mfungue leo, msingoje kesho.

Shangazi simlaumu. Hofu yake ni ya mapenzi, na kweli mtu akiambiwa kuna mrija umeingilia mkononi ukaenda mpaka karibu na moyo, lazima aogope. Mrija wenyewe kwa kawaida unaingilia ndani ya mkono juu ya kiwiko, unapanda kwapani, unapita chini ya mtulinga, unashuka kifuani, na ncha yake inakaa kwenye ule mshipa mkubwa unaomwaga damu moyoni. Ni kitu kilaini kinachopinda na mkono. Mama akiinua au akikunja mkono ile ncha inacheza kidogo ndani ya mshipa, hilo wanaoweka wanalijua na wanaliwekea hesabu, na kwa nje mrija umeshikwa na stika na plasta. Kufunga na kufungua ngumi hakuwezi kuutumbukiza moyoni. Kinachoweza kuutoa mahali pake ni kuvutwa kwa nje, kwa mfano umenasa kwenye mkono wa buibui wakati wa kuvua, au mtoto kaurukia, au plasta imebanduka kwa jasho na hakuna aliyeona.

Sasa nikueleze kwa nini kuufunga mkono ndo kunaleta balaa. Kuna daktari wa Ujerumani wa karne ya 19 anaitwa Rudolf Virchow, mpaka leo jina lake linatajwa kila tukizungumza damu kuganda ndani ya mshipa, manake kuna sababu tatu zimeshikanishwa na jina lake: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda kuliko kawaida. Mtazame mama sasa. Kansa peke yake inafanya damu igande haraka. Dawa za kemo baadhi zinachoma ukuta wa mshipa, na mrija nao unausugua. Yaani mbili tayari anazo na hana la kufanya, imebaki hii ya tatu, damu kwenda polepole, na hii ndo pekee iliyo mikononi mwake, halafu ndo tumeifungia leso!

Fikiria daraja la Nyali saa kumi na moja jioni watu wanatoka mjini, halafu trela likwame kwenye leni moja. Magari yatapita lakini kwa kujikokota. Mrija ndani ya mshipa ndo lile trela. Ndo maana anayeuweka anatakiwa aupime mshipa kwanza kwa ultrasaundi, achague mshipa mpana na mrija mwembamba, na muongozo unaofuatwa ni mrija usichukue zaidi ya asilimia 45 ya upana wa mshipa. Hata ukiwekwa vizuri hivo, bado leni moja imeshikwa, na damu iliyobaki lazima isukumwe.

Nani anaisukuma? Moyo unaisukuma damu kwenda mkononi, lakini ya kurudi inategemea sana misuli. Ukikaza ngumi, misuli ya hapa chini ya kiwiko inaikamua mishipa, damu inapanda, na ndani ya mishipa kuna vijilango vinavyofunga ili isirudi chini. Ukilegeza, mishipa inajaa tena. Kaza, legeza, kaza, legeza, huo ndo mchezo wote, na mtu akibana mpira huku anapimwa kwa ultrasaundi unaona kabisa damu inavyokwenda mbio mshipani.

Sitaki nikudanganye lakini. Kwamba damu inakwenda kasi zaidi hilo linaonekana, ila kwamba mazoezi haya yanapunguza mabonge ya damu kwa kiasi gani hasa, tafiti zilizofanywa ni chache na zimechukua wagonjwa wachache, nyingi zikiwa za watu wa kansa wenye laini kama ya mama. Kuna zilizoona faida, lakini hazijatosha mtu kuapa. Kwa hiyo mpira si chanjo. Mimi bado nawaambia wagonjwa wangu wafanye, kwa sababu gharama yake ni sufuri, madhara ni nadra, na faida ya pili iko wazi: mkono haukakamai. Mama vidole vimeshakakamaa kwa wiki mbili tu, na kemo huenda miezi.

Sasa afanyaje. Mpira uwe mlaini, wa kuingia kiganjani, kama hamuna basi sponji au soksi mbili zilizokunjwa zinatosha kabisa, usimpe mpira wa tenisi ule mgumu. Akae, mkono aulaze juu ya mto, abane polepole akihesabu mpaka 10, alegeze akihesabu tena mpaka 10, arudie mara 20 hadi 25. Aanze na kidogo, hata mara 5 siku ya kwanza, vidole vitauma kwa sababu vimelala. Halafu azungushe kifundo cha mkono, akunje kiwiko na kukinyoosha, ainue bega taratibu mpaka mkono ufike usawa wa sikio kama hakuna maumivu. Nesi wake akimpa hesabu tofauti na yangu, afuate ya nesi, yeye ndo anamuona.

Mara ngapi kwa siku? Mara tatu ni kiasi kizuri, ila watu wanasahau, na hapa ndo nina njia yangu. Kama mama anaswali, kila akimaliza swala abane mpira palepale kwenye msala kabla ya kuinuka, basi siku nzima imejipanga yenyewe mara tano bila kutazama saa. Kwanza kuinua mikono kwenye takbira peke yake ni mazoezi ya bega. Najua swali litakalofuata, udhu. Plasta nyingi zinakaa juu ya kiwiko kwa hiyo kuna nafasi ya kuosha mpaka kiwikoni kwa uangalifu, plasta yenyewe isilowe, ifunikwe kwa plastiki, na kama imeshuka mpaka kwenye kiwiko muulizeni sheikh wenu namna ya kupangusa, wanalo jibu na dini haina uzito kwa mgonjwa. Plasta ikilowa au ikibanduka ibadilishwe hospitali siku hiyohiyo, na hata isipobanduka hubadilishwa kila baada ya siku 7, na laini isafishwe kwa maji ya chumvi ya hospitali. Kwa joto letu la Kaskazi jasho linabandua haraka, msiongezee selotepu ya nyumbani.

Kuna watu ukiwaambia "sogeza mkono" wanakwenda upande wa pili, kwa hiyo nikupe mipaka. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20, asiuguse kwa mkono ule, hata kapu zito la Kongowea hapana. Kukuna nazi juu ya mbuzi hapana, kutwanga kinu hapana, kufua mablanketi na kukamua hapana, manake ule mwendo wa kurudiarudia kwa nguvu unausugua mshipa kwa ndani na unaweza kuusogeza mrija. Kuogelea baharini pia asahau mpaka laini itolewe. Lakini kushika kikombe, kula, kuchana nywele, kukunja nguo, kuchambua mchele, kusuka ukili kama alikuwa akisuka, yote hayo ruhusa na namtamani ayafanye, kila kazi ndogo ya mkono ni kubana mpira bila mpira. Akienda kupimwa presha apimwe mkono wa pili. Na anywe maji, kama daktari hajamuwekea kiwango, kwa sababu mgonjwa wa kemo aliyetapika halafu akakaa na jua letu hili damu yake inakauka maji na kuwa nzito.

Shangazi mwambie nimemsalimu, na mpe yeye kazi ya kumhesabia mama ile kumi kumi.

SWALI: Nesi habari, mimi ni mwanamume wa miaka 44 naishi Likoni, nina laini mkononi mwezi wa pili. Tangu juzi mkono ni mzito, umevimba mpaka pete haitoki, na kwapani kuna maumivu kama ya kukazwa kamba. Mke wangu asema niongeze kubana mpira, jirani yangu ataka kuniletea mkandaji mzuri wa mafuta ya nazi na karafuu. Nishike lipi?

Ndugu yangu huyu nilimpigia simu dakika ileile niliposoma, sikungoja gazeti litoke, na amenikubalia niliandike jambo lake. Jibu nililompa ni hili: usishike lolote kati ya hayo mawili, panda tuktuk, vuka feri, nenda hospitali sasa hivi.

Mkono wenye laini ukivimba, ukiwa mzito, ukibadilika rangi, ukiuma kwapani au shingoni, au ukiona mishipa imetokeza begani na kifuani upande ule, au nesi anashindwa kusukuma dawa ikapita, hiyo ni damu iliyoganda mpaka itakapothibitishwa kwamba siyo. Mazoezi ni ya kabla. Yakishafika hapa mpira weka chini, mkono uinue juu ya mto ukiwa njiani, na asiukande mtu. Nasema tena kwa herufi kubwa, ASIUKANDE MTU, awe mkandaji hodari namna gani, kwa sababu bonge la damu likisukumwa linaweza kumeguka likasafiri mpaka kwenye mapafu.

Hili si la kusoma vitabuni kwangu. Mjombangu, Mungu amrehemu, alikuwa na laini, mkono ukavimba, akaenda kituo kimoja cha afya akaambiwa ni baridi ya mifupa akarudishwa nyumbani na panadoli, na sisi kwa kumpenda tukamletea mkandaji. Siku mbili alikandwa. Siku ya tatu usiku akaamka hawezi kuvuta pumzi, kifua kinamchoma kila akivuta hewa, moyo unakwenda mbio, tukamkimbiza hospitali na alhamdulillahi aliokolewa akaishi miaka mingine, kansa ndo iliyomchukua mwishowe. Lakini ule usiku mimi sijausahau, na nilikuwa tayari nesi, nilikuwa mbali kikazi na hakuna aliyenipigia kunieleza. Ndo maana nakuwa mkali kwa jambo hili mnivumilie. Pumzi kukatika ghafla, kifua kuuma, kukohoa damu, kizunguzungu cha kuanguka, hapo hata usinipigie mimi, ni emajensi.

Turudi kwa ndugu yetu wa Likoni. Alipofika walimpima kwa ultrasaundi ile inayoonyesha mwendo wa damu, wakaona bonge kwenye mshipa wa kwapani, akaanzishwa sindano za kuzuia damu isigande zaidi. Yeye alidhani laini itang'olewa palepale, haikung'olewa, na watu wengi hili linawashangaza. Kama laini bado inafanya kazi, iko mahali pake, haina maambukizi na mgonjwa bado anaihitaji, mara nyingi inaachwa na matibabu yanaendelea, kwa kawaida dawa huchukua miezi 3 angalau, na zaidi kama laini bado iko mkononi. Uvimbe umeanza kupungua. Kubana mpira atarudia daktari wake akimruhusu, na kwa kawaida dawa zikishashika na maumivu yakipungua wanaruhusu, mkono haufungwi maisha.

Na mke wake asijilaumu, alikuwa anarudia alichoambiwa siku ya kwanza, ila hakuna aliyemwambia mwisho wake ni wapi.

SWALI: Mimi natolewa maji kwa mashine, dayalisisi ya figo mara mbili kwa wiki, nina laini ya shingoni, na majuzi wamenipasua mkono wa kushoto kunitengenezea fistula wakanipa mpira wa kubana. Je huu mpira ndo unazuia damu isigande kwenye laini ya shingo? Kijana wa Changamwe

Hapana kijana wangu, na nashukuru umeuliza kwa sababu mpira ni mmoja lakini kazi ni mbili tofauti. Wewe umepewa ili ule mshipa uliounganishwa mkononi, ndo hiyo fistula, upanuke na ukomae, uje uchomwe sindano za dayalisisi, na ukikomaa ndo laini ya shingo itolewe. Kwa hiyo bana kwa bidii pale daktari wa upasuaji atakapokupa ruhusa kwamba kidonda kimeshika, kila siku weka kiganja juu ya fistula usikie ule mtetemo, ukipotea nenda hospitali siku hiyohiyo. Mkono ule usipimwe presha, usitolewe damu, usilalie, usivae saa ya kubana.

Laini ya shingo inalindwa kwa njia nyengine, zaidi ni kazi ya manesi wa mashine, wao wanaifunga na dawa ya kuzuia damu isigande ndani yake kila ukimaliza, na isiguswe na mtu mwengine kukutilia dripu wala kutoa damu. Wewe kwa upande wako geuza shingo kawaida, usiikakamaze, na tembea. Uso au shingo ukivimba, hasa asubuhi ukiamka, au mashine inapiga alamu kila mara kwamba damu haivutiki, waambie bila kungoja zamu yako. Maji mengi mimi sikwambii unywe, hapo juu nilikuwa namjibu mgonjwa wa kemo, wewe una kiwango chako.

SWALI: Nesi, babu yangu amelazwa, amewekewa mrija kwenye kinena, na sisi tumeambiwa na watu tumpe tangawizi, kitunguu saumu na habat sauda zinayeyusha damu. Pia naye tumpe mpira wa kubana? Mjukuu, Mji wa Kale

Wa kinena mpira wa mkono haumsaidii mguu. Yeye anahitaji vifundo vya miguu, avute vidole vya miguu kuelekea usoni kisha avisukume mbali kama anakanyaga pedeli ya cherehani, mara 10 au 20, kila saa akiwa macho. Goti na nyonga za upande wenye mrija asizikunje sana mpaka muulize wodini, kuna mirija ya pale inayoziba ukikunja. Kama hawezi mwenyewe, nesi au mtu wa fiziotherapia awaonyeshe jinsi ya kumsaidia, nanyi mkienda kumtazama mfanye hilo badala ya kukaa tu mkimtolea macho.

Hizo dawa za nyumbani, kwenye chakula kwa kiasi cha kupikia mchuzi hakuna ubaya. Kumpa kwa vijiko na vidonge nakuombeni msifanye kimya kimya. Haziyeyushi bonge, na kama babu yuko kwenye dawa za kuzuia damu isigande zinaweza kuzidisha akavuja damu. Akiwa kwenye wofarini hasa, mojawapo ya dawa hizo, hata mboga za majani, mchicha, sukuma, kisamvu, ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, asile rundo leo halafu mwezi mzima asiguse, manake zina vitamini K inayopigana na dawa hiyo na vipimo vyake vitapanda na kushuka. Mwambieni daktari kila kinachoingia kinywani, hata chai ya tangawizi ya asubuhi mtajeni, na muulize wodini mrija huo utakaa siku ngapi, kwa sababu mrija wa kinena hautakiwi kukaa siku hata moja baada ya kazi yake kwisha.